Kadi Ndani ya Maua

Sukari ilifika dukani Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya harusi ya Angelina, na saa ile ile mama yake, Hyasinta, akagundua kwamba kadi yake ya mgao wa dukani haipo.

Alipekua sanduku. Akainua godoro. Akamwaga kopo la vifungo sakafuni. Bila kadi hakuna sukari, na bila sukari wageni wangekunywa chai chungu, na habari hiyo ingefika Nyangao, kwao, kabla ya basi.

"Mama, si huwa unaiweka ndani ya ile kalenda ya zamani?" Angelina akauliza.

Hyasinta akakaa kitako kitandani. Kalenda! Mwezi mzima alikuwa akiikata.

Alikuwa akishona mfarishi wa vipande, kazi aliyofundishwa na masista wa misheni akiwa msichana. Unakata karatasi ya pembe sita, unaifunika kitambaa, unapiga bandi, mishono ya muda ya kuvishikilia pamoja. Vipande saba, kimoja katikati na sita kukizunguka, vinakupa ua. Karatasi haitolewi mpaka kila upande wa kitambaa umepata jirani wa kushonewa. Ukiharakisha, ua linapinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa. Karatasi nene mwaka ule ilikuwa adimu kama nguo, basi alikuwa akiikunja kalenda mara nne na kuikata kwa mkasi wa kuazima. Kadi ilijibanza kwenye ukurasa wa mwisho. Ilikuwa na visanduku na tarakimu. Kalenda nayo ina visanduku na tarakimu. Angejuaje?

Mfarishi wenyewe ulikuwa umetandazwa pale kitandani, maua thelathini ya mabaki ya vitambaa vya fundi wa Mtaa wa Sikukuu, na yale ya ukingoni ya hariri aliyopewa na Bi Zeina, mke wa mwenye nyumba. Ndiyo zawadi ya bi harusi. Aliugeuza, akapapasa mgongo wake, na ukingoni vidole vikakutana na karatasi ngumu kuliko za kalenda. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Fumua, mwenzangu," alisema Bi Zeina, aliyekuja kwa kelele za vifungo.

"Nifumue? Hariri hii ikikosa karatasi sasa hivi itateleza yote. Halafu nikimpelekea Kitwana vipande vinne mkononi atasema nini?"

Bi Zeina alijua. Mtaa mzima ulijua. Bwana Kitwana wa dukani hakupokea kadi iliyochanika.

Hyasinta akaukunja mfarishi, akaubeba kichwani.

Foleni ilikuwa ndefu. Wengine walikuwa wameacha mawe na vikapu viwashikie nafasi. "Mama Angelina, umekuja kulala?" mmoja akamtania. "Watu wa Kusini bwana! Foleni wanakuja na kitanda!"

"Cheka tu, baba. Kikapu chako kinakusikia."

Ilipofika zamu yake, magunia yalikuwa yamebaki mawili. Akautandaza mfarishi juu ya kaunta, mgongo juu.

"Nini hii?" Bwana Kitwana akauliza.

"Kadi yangu."

"Mama, kadi iliyochanika siipokei."

"Haijachanika, mwanangu. Imeshonwa."

Foleni ikaangua kicheko, kisha ikasogea, maana kila mtu alitaka kuona. Wakaanza kusaka. "Jina hili hapa! Hyasinta!" "Namba nimeipata, kwenye ua la bluu!" Bi Zeina, aliyemfuata nyuma, akaweka kidole kwenye mhuri. Bwana Kitwana alivaa miwani, akasoma jina, akalinganisha namba na daftari lake, akauangalia mhuri kwa muda mrefu.

"Na visanduku vya miezi?"

"Hivi hapa. Agosti mpaka Desemba, vyote vizima."

Bwana Kitwana akachomoa kalamu sikioni. Akainama juu ya ua la rangi ya waridi, akatia tiki kwenye Agosti kwa uangalifu wa mtu anayeandika juu ya yai.

"Lakini sikiliza, mama. Ukizitoa karatasi hizi, kadi imekufa. Zikae humo humo mpaka Desemba."

"Ni zawadi ya harusi, baba!"

"Basi mwoze na kadi."

Jumamosi chai ilikuwa tamu mpaka watoto wakaramba vikombe. Bi harusi akapewa mfarishi wake, karatasi zote ndani, akahamia nao Magomeni, na usiku wa kwanza mumewe Benjamini aliamka mara mbili akidhani kuna panya gazetini.

Baadaye alizoea. Ikawa kila mwezi, akisikia tu sauti ya Hyasinta mlangoni ikipiga hodi, hangoji kuambiwa kitu. Anaruka kutoka kitandani, anautandua mfarishi, anaukunja.

"Karibu, mama! Shikamoo! Sukari imefika?"

"Marahaba, mwanangu. Leta kadi."