Bwana Rudia Ashuka Kinyumenyume

Baba yangu aliwafelisha watu kwa miaka thelathini na sita, na alilipwa mshahara kwa kazi hiyo. Alikuwa mtahini wa madereva. Ukitaka leseni, lazima upite mbele ya kalamu yake, na kalamu ile iliona taabu sana kuandika neno "amepita". Mtu angeendesha vizuri, asimame vizuri, azime gari huku akitabasamu, kisha asikie: "Umefeli. Rudia baada ya wiki mbili." Mji mzima ukamwita Bwana Rudia. Wachache walimwita hivyo kwa heshima, waliobaki kwa kinyongo.

Mama yangu naye alifelishwa, tena mara tatu. Mara ya kwanza aligonga pipa akirudi nyuma. Mara ya pili alisahau kuangalia kioo. Mara ya tatu hakugonga kitu wala hakusahau kitu, akaambiwa arudie, na kabla wiki mbili hazijaisha Bwana Rudia alikuwa ameketi sebuleni kwa babu, ameleta posa. Hadithi hii nimeisikia kwenye kila sherehe ya familia yetu. Wajomba hushika mbavu. "Alimfelisha ili amwone tena!" Baba huinamisha kichwa kwa haya ya uongo. Mama huondoka kwenda jikoni kuangalia sufuria. Nilikuwa mtu mzima kabisa nilipogundua kwamba sufuria ile haikuwa na haja ya kuangaliwa.

Wakati huo mama alikuwa anafunga mikate kwenye kiwanda kidogo, na mwenye kiwanda alikuwa amemwahidi gari la kusambazia mikate akipata leseni tu. Alikuwa ameshaanza kulisafisha kwa mikono yake mwenyewe. Baada ya ndoa baba alimwambia, "Leseni ya nini? Una dereva ndani ya nyumba." Basi kwa miaka thelathini na minne dereva huyo alimpeleka sokoni saa aliyotaka yeye, akamrudisha saa aliyotaka yeye, na kupiga honi wakati mama bado anachagua nyanya.

Baba alipostaafu, kisukari hakikumpa hata mwaka. Kikamchukua mguu wa kulia, chini ya goti. Alipozinduka alitazama pale shuka ilipolala, akamwambia muuguzi, "Mmenikata mguu wa breki." Muuguzi alicheka akidhani ni utani.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi huyo alitupanga kwenye ukumbi wa hospitali atufundishe kutumia kiti cha magurudumu. Kaka yangu mkubwa, karani wa benki, alikuwa kwenye simu. Shemeji, mume wangu yaani, alikuwa anajipiga picha na kiti. Mimi nilikuwa namkasirikia shemeji huyo wenu. Baba alikataa kusikiliza kwa sababu, alisema, yeye hafundishwi kuendesha. Mama peke yake ndiye aliyesogea karibu, akaomba kalamu, akaandika kila neno nyuma ya bahasha ya dawa.

Tukafika nyumbani. Sasa sikilizeni makubwa. Bwana Rudia alitangaza kwamba hakuna mtu atakayemsukuma bila kufanya mtihani.

Tulidhani anatania. Kesho yake alikuwa na daftari, kalamu, na miwani ya kazini. Kaka mkubwa alitangulia, kifua mbele. Akashika vishikio, akasukuma. Kiti hakikwenda. Akasukuma kwa bega, kiti kikaburuzika huku matairi yamekakamaa. "Kiti kibovu hiki," alisema. Kilikuwa kimefungwa breki, zote mbili, na baba alikuwa ameshaandika.

Shemeji alikuja na nguvu zake za mazoezi. Mlangoni pana kizingiti kidogo, naye badala ya kukiinua kiti taratibu kwa nyuma, alishika mikono ya kiti ambebe mzee juu kwa juu. Mikono ile hutolewa, ndivyo ilivyotengenezwa. Ilitoka. Shemeji alibaki ameshika vyuma viwili hewani, na baba amebaki chini akiandika.

Zamu yangu niliivuka vizuri mpaka mwisho. Nikafunga breki, nikavuta pumzi, nikamwambia, "Haya baba, simama." Nilisahau kukunja kibao cha mguu. Akakikanyaga kwa mguu wake mmoja, kiti kikainuka nyuma, akaniangukia kifuani na daftari lake. Huku tumelala sakafuni akaninong'oneza sikioni, "Rudia baada ya wiki mbili."

"Na mama je?" nilimuuliza siku hiyo.

"Mimi nilishafeli, mwanangu," alisema mama, akaenda kuangalia sufuria.

Tungeendelea kucheka, ila kulikuwa na tarehe. Kituo cha miguu ya bandia kilikuwa kimempa Alhamisi ya mwisho wa mwezi akapimwe. Asipotokea anarudishwa mwisho wa foleni, miezi minane. Na baba, nyuma ya ubishi wake wote, alikuwa anazidi kusinyaa. Tangu atoke hospitali hakuwa amevuka geti. Alikaa dirishani akiwafelisha madereva wa barabarani, na hata sauti ya kuwafelisha ilikuwa inapungua. Kuna asubuhi nilimkuta ameshika kiatu cha kulia, anakipiga rangi. Nilitoka nje nikalia.

Tatizo lilikuwa mteremko. Nyumba yetu iko juu ya kilima, na kutoka mlangoni hadi getini kuna njia ya saruji, mwinuko wa kutisha. Aliijenga baba mwenyewe. Fundi alimwomba ailaze kidogo, baba akakataa, akasema dereva atakayeondosha gari hapo ataondoka popote duniani. Hakuwaza kwamba siku moja angeishuka bila injini.

Wiki moja kabla ya tarehe, kaka mkubwa aliomba kurudia. Safari hii alikagua breki, akafunga mkanda, akakagua na upepo wa matairi. Baba akaridhika, akaelekeza kiti kishuke uso mbele. "Dereva huangalia anakokwenda," alisema. Kaka akatii. Hatua ya nne, magurudumu madogo ya mbele yaliingia kwenye ufa, kiti kikasimama ghafla, na mzee akataka kuendelea na safari peke yake. Mkanda ndio uliomzuia. Kaka alivuta upande, wote wawili wakaishia ndani ya ua wa miti. Tulipofika, baba alikuwa na majani kichwani na damu kidogo puani, anaandika.

Baada ya hapo hakuna aliyeomba tena. Kaka alisema mgongo unamuuma. Shemeji akapata safari za ghafla. Baba mwenyewe alifunga daftari. "Miezi minane si mingi," alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Jumatatu alfajiri mama alinigongea. "Njoo unisaidie kumnyanyua baba yako."

Nilitoka mbio, roho mkononi. Nje, kiti cha magurudumu kilikuwa juu ya mteremko, na juu ya kiti palikuwa na mfuko wa saruji wa kilo hamsini uliobaki tulipojenga banda, umefungwa mkanda na kuvishwa kofia ya baba. Kando kulikuwa na dumu la maji la lita ishirini na tano.

"Mfuko nimeupandisha kwa ubao, ila dumu limenishinda," alisema mama. "Na bila dumu, uzito haufiki."

"Mama! Umeanza lini mambo haya?"

"Tangu kaka yako alipompeleka kwenye ua. Weka dumu mapajani mwake. Taratibu, usimuumize."

Nikaweka. Mama alikigeuza kiti, mgongo wa kiti na mgongo wake vikaelekea getini, akaanza kushuka kinyumenyume. Hatua fupi. Kila hatua anageuza shingo anatazama nyuma, kisha anatazama tairi, kisha hatua nyingine. Uzito wote ulimlalia yeye, hivyo hata mfuko ungetaka kukimbia ungemkuta amesimama njiani. Magurudumu makubwa yalipita juu ya ufa bila habari. Bwana Saruji alifika getini na kofia yake kichwani.

"Imo kwenye bahasha ya dawa," alisema mama akihema. "Mteremko mkali, kinyumenyume, na msaidizi wa pili mbele. Nimekosa msaidizi tu."

Alhamisi ikafika. Teksi ilikuwa inangoja getini. Mama alitoka amevaa raba, akakagua kimya kimya: tairi, breki, mkanda, kibao cha mguu, blanketi lisining'inie likaingia kwenye tairi. Mimi nilitundika mkoba kwenye vishikio, akautoa akanirudishia. "Utakivuta nyuma." Akakigeuza kiti.

"Unafanya nini?" aliuliza baba.

"Tunashuka kinyumenyume."

"Mke wangu, mimi sijawahi kushuka mlima kwa kurudi nyuma. Na wewe, samahani, kurudi nyuma hakujawahi kuwa—"

"Ndiyo maana ulilala kwenye ua," alisema mama. "Weka mikono mapajani, usiguse tairi. Wewe binti, shika chuma cha chini hapo mbele. Nikisema simama, unasimama."

Tukaanza. Nilishuka nikiwa nimemkabili baba, nimeshika chuma, kwa hiyo uso wake ulikuwa mbele yangu muda wote. Yeye alikuwa anaiona nyumba ikimwacha. Mama hakumwona, alisikia pumzi zake tu. Hatua ya kwanza alikaza taya. Hatua ya nne, tulipopita ufa, alifumba macho. Alipoyafumbua alitega sikio kwenye zile hatua fupi nyuma yake, kama alivyokuwa akisikiliza injini za watu, na nikaona uso wa mtahini umemtoka.

Katikati ya mteremko, mahali pabaya kuliko pote, akasema, "Ile ya tatu ulikuwa umepita."

"Simama," alisema mama.

Nikasimama. Mama alikizungusha kiti kikakaa kimekingama mteremko, akakiegemeza nyongani, akafunga breki ya kushoto, akafunga ya kulia, akakitikisa kuhakikisha. Kisha akaja mbele, akainama mpaka macho yao yakalingana. Dereva wa teksi alipiga honi. Hakuna aliyemjali.

"Niliyahesabu mapipa yote," alisema mama. "Nilijua nimepita. Mke wa mtu hawezi kumwambia mumewe kitu kama hicho, maana mume alishasema ilikuwa mapenzi, na watu wameshacheka. Nikangoja useme mwenyewe."

"Nilitaka uje tena."

"Ningekuja. Ungenipa leseni yangu, ningekuja na gari."

Baba alilia. Hakulia walipomkata mguu, lakini alilia pale, katikati ya mteremko wake mwenyewe, amefungwa mkanda. Na mimi, nisidanganye, sikumhurumia. Nilizikumbuka zile honi za sokoni. Nilikumbuka kwamba hata mimi nilicheka kwenye sherehe, mara nyingi, kwa sauti kubwa.

Mama alimfuta uso kwa pembe ya blanketi, akalichomeka tena lisiguse tairi. "Haya. Tutachelewa."

Akarudi nyuma ya kiti, akashika vishikio, akafungua breki. Tukashuka kilichobaki. Getini alikisogeza kiti ubavuni mwa teksi, akafungua mkanda, akakunja kibao cha mguu. Baba, aliyekuwa na haraka ya kujificha ndani ya gari, akajiinua. Kiti kikateleza nyuma kidogo, akakaa tena kwa kishindo.

"Breki," alisema mama. "Umefeli. Rudia."

Baba akafunga breki, ya kushoto, kisha ya kulia. Akarudia.

Kituoni tulifika dakika tano kabla ya jina lake kuitwa. Karani alikuwa na fomu ndefu. Aliuliza umri, ugonjwa, mguu gani. Kisha akauliza, "Aliyekuleta ni nani wako?"

Nilingoja aseme "mke wangu", kama alivyokuwa akisema siku zote, kwa lile neno "wangu" lililovutwa. Baba alimtazama mama, ambaye alikuwa amechuchumaa anakagua kama breki zimekaza.

"Dereva," alisema baba.

Karani aliinua kalamu. "Dereva wa kukodi?"

Mama alisimama akajipangusa magoti.

"Andika hivyo hivyo, dereva," alisema mama. "Halafu ongeza: leseni alinyimwa."

Karani aligeuka akanitazama mimi, labda nimwambie kama ni mzaha. Nikamwambia aandike, na baba akaitikia kwa kichwa.