Hiyo Mashine Ina Mtu

Miaka ya sabini, katika baa moja mjini Kisii, kulikuwa na mashine ya kamari iliyomeza shilingi moja moja na mara chache sana kuzitapika nyingi. Mama mdogo, aliyekuwa akingoja kwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, alinituma nimtoe baba mdogo kabla hajamaliza bonasi ya mwaka ya chai yao, waliyoipangia mabati ya kuezekea jiko. Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, nimesoma hesabu za bahati, nikajiona ndimi hasa wa kazi hiyo.

Nilimkuta na soda, maana alikuwa Msabato. Nikamweleza kwamba mashine haikumbuki chochote, na kupoteza mara nyingi hakukusogezi karibu na kushinda.

"Mwanangu, mchai ukiuchuma leo, kesho hupati kitu," alisema. "Huu haujachumwa tangu asubuhi. Niuache umekomaa, mwingine avune?"

"Si mchai, baba."

"Wewe umechuma michai mingapi?"

Hatimaye alichoshwa na mdomo wangu, akainuka, pesa za mabati zingali mfukoni. Hatujafika mlangoni, dereva mmoja wa lori akaisogelea mashine na shilingi mkononi. Nikasikia sauti ikimwambia, "Samahani, hiyo ina mtu." Ilikuwa yangu.

Baba mdogo alinitazama kwa upendo mkubwa. "Kumbe unajua," akasema, akarudi kuketi.

Nilisimama kati yake na mlango nikitafuta hoja, na kila niliyoipata ilikuwa yake.