Kuku wa Ada ya Ngoma

Ada ya mashindano ya ngoma ya shule kule mjini niliikusanya mimi, mwalimu wa darasa la nne kule Mtinko, na mimi ndiye niliyeipoteza. Zamani serikali ilitoa lori na chakula, watoto wanapanda wakiimba. Ilipokuja ruksa, enzi ya biashara huria, tukaambiwa kila mzazi amlipie mwanawe. Amlipie kwa kitu gani? Mwaka ule mvua ilitukatalia, na hela haikuonekana.

Nikajiona nina akili. Nikatangaza: asiye na hela alete kuku. Wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wameanza kuja mnadani na matenga yao, wanazoa kuku wa kienyeji bila kubagua. Nikapata kuku kumi na saba, nikawafungia wote katika banda langu kusubiri siku ya mnada.

Jirani yangu akapita, akachungulia. "Mwalimu, kuku wa nyumba kumi na saba hawalali banda moja. Wauze leo, hata kwa hasara."

"Mama, wewe lima alizeti yako," nikamjibu. Kiburi kilinijaa hadi puani.

Kuku wa mwisho alikuwa ametoka kwa bibi mmoja aliyelea mjukuu wake yatima. Binti yule ndiye aliyeongoza wenzake kucheza. Akipiga njuga zake, hata mwalimu mkuu alitoka ofisini kutazama. Mjini hakuwahi kufika. Nilipokwenda kwao, nilikuta tetea ameatamia. Nikatoa shikamoo, nikamweleza bibi kwamba orodha inafungwa siku ya mnada. Akaingiza mikono, akamtoa kuku juu ya mayai.

"Mchukue, mwalimu. Acha mjukuu wangu naye akaone mji."

Siku ya tatu kuku mmoja akaanza kupinda shingo. Mdondo, ule ugonjwa unaofagia banda zima. Jamani! Asubuhi ya mnada walikuwa wamebaki wawili, wamejikunyata, na wanunuzi hawakutaka hata kuwashika. Mshahara wangu ulikuwa na miezi miwili haujatoka, kwa hiyo sikuwa na cha kufidia.

Lori la kukodi likaondoka na watoto sita, wale waliolipiwa taslimu. Binti alikuwa amesimama barabarani na njuga zake miguuni, amezifunga tangu alfajiri, maana nilikosa ujasiri wa kumwambia mapema. Mwoga mimi! Alilitazama lori hadi likapotea, ndipo akainama kuzifungua.

Jioni nikaenda kuomba radhi. Binti alikuwa amelala, amegeukia ukuta. Bibi hakunifokea, na heri angenifokea. Alinipeleka kwenye kona alipokuwa akiatamia yule tetea. Mayai kumi na moja yalikuwa bado palepale, ya baridi.

"Siku ile unamchukua, zilikuwa zimebaki siku nne vifaranga waanguliwe," akasema.

Akaanza kuyaweka kwenye ungo akayatupe, nami nikamshikia ungo.