Boti Niliyomwahidi Baba Mkwe

Mimi ni karani hapa Dodoma, na nikitoka kazini huwa naunganisha boti ya plastiki, ndogo kama ndala. Vipande vilivyokosekana kwenye boksi nilijitengenezea. Baba mkwe aliponipigia kutoka Chemba na kuuliza nashughulika na nini siku hizi, nikaona haya kusema ni kitu cha kuchezea.

"Natengeneza boti, baba. Mlingoti nimechonga mwenyewe, tanga nimeshona kwa mkono wangu."

"Mwanangu! Itafika bwawani Mtera?"

Nikaliwaza beseni letu la kufulia. "Majini itaingia tu, baba."

Sikusema uongo, jamani. Nilijivuna tu.

Jumamosi asubuhi nikafungua mlango. Baba mkwe huyo, kavaa mabuti ya mpira, na ndoo mbili tupu za kubebea samaki. Nyuma yake alisimama jirani yake, mzee mwenzake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Iko wapi?"

Nikaileta juu ya sahani. Mlingoti kijiti cha mshikaki, tanga kipande cha leso. Akavaa miwani, akaitazama kwa utulivu kabisa, kisha akamgeukia jirani yake.

"Mzee mwenzangu, hii itabidi tupande kwa zamu."