Fundi magodoro anayetaka vitanda vyote vipige kelele

Asubuhi hii uani hapapitiki. Magodoro yametandazwa juu ya nyasi, mengine yamelazwa kwenye ukuta mfupi wa kisima, na moja limeegemezwa kwenye mlango wa jiko hadi mpishi anauliza sufuria ya uji ipitie dirishani au vipi. Katikati ya magodoro hayo ameketi mwanamke aliyenyoosha miguu mbele, uzi ameung'ata mdomoni. Sindano aliyoshika ni ndefu kuliko kiganja chake.

Watoto wa kituo hiki cha yatima wanamwita Mama Godoro. Jina lake jingine wengi hawalijui, na yeye haoni sababu ya kuwasumbua nalo.

Si mwenyeji hapa. Kwao ni ng'ambo ya mpaka, mwendo wa siku mbili kwa lori. Huko ndiko anakopatia riziki. Anafumua magodoro ya watu yaliyolala chali, anatoa pamba, anaianika, anaipiga kwa fimbo mpaka iamke, kisha anaijaza upya na kushona. Kibanda hana. Anafanyia kazi kando ya barabara, juani, kitambaa kichwani. Siku nzuri anamaliza magodoro mawili. Siku ya mvua hapati hata hela ya chumvi, maana pamba iliyolowa haina mteja.

Hapa kituoni halipwi. Anakula chakula cha mchana na watoto, na mpishi anamwongezea kidogo akidai ni ukoko uliobaki.

Alifikaje? Mumewe ni dereva wa lori la mizigo. Mwaka juzi alimchukua mkewe safari ili naye akaone dunia. Dunia yenyewe ikawa chumba cha gesti, kwa sababu lori liliharibika gia na spea ikaagizwa mbali.

"Mume wangu yuko chini ya lori na mafundi, mimi niko chumbani natazamana na mijusi," anasema. "Nikichungulia dirishani naona ua wa pili umeanikwa shuka. Kesho shuka. Keshokutwa shuka. Nikasema, pale kuna magodoro yanateseka."

Akaenda kubisha hodi, akaomba kuyaona.

Mama mlezi, anayeongoza kituo, anasema alidhani hakusikia vizuri. Wageni wanaokuja kujitolea amewazoea, wengine wanafika kwa ndege, na wote anawashukuru. Ila wengi wao wakishuka tu wanauliza rangi iko wapi. Ukuta wa mbele ulianza kwa kuchorwa tembo. Likaja kundi jingine likafuta tembo likachora maua. Kundi lililofuata likarudisha tembo. Sasa ukuta umenona kwa rangi kuliko mtoto yeyote wa kituo.

"Ukuta wetu una marafiki kila nchi," anasema mama mlezi. "Godoro halijawahi kupata mgeni."

Na magodoro yalikuwa yanahitaji mgeni. Mfadhili mkubwa alishajitoa. Sabuni inakatwa vipande kama keki ya sherehe ya watu wengi. Mlinzi ndiye pia mtunza bustani, na wiki ambayo mpishi anaumwa, yeye ndiye mpishi, jambo ambalo watoto wanaliombea lisitokee. Magodoro ya msaada wa zamani yalikuwa yamebonyea katikati kama karai, na yananuka.

Tangu hapo, kila lori la mumewe likivuka mpaka, Mama Godoro naye yumo, na sindano zake amezifunga kwenye kitambaa.

Safari iliyopita alifanya kosa, tena kosa ambalo mtu asiyejua magodoro asingeweza kulifanya. Alimwomba mama mlezi amwonyeshe katika bweni la wasichana vitanda vya wale wanaojikojolea usiku. Akanunua nailoni, akaishona ndani ya magodoro hayo tu, chini ya kitambaa, ili mkojo usifike kwenye pamba. Kazi ilitoka safi. Akapanda lori, njia nzima anamsimulia mumewe jinsi alivyo fundi.

Safari hii amerudi akakuta kitanda kimoja kimetandikwa vizuri mno, hakina hata kunyanzi. Mwenyewe, msichana wa darasa la tano, analala sakafuni kwenye mkeka. Mama mlezi alipomuuliza alijibu kwamba kitandani kuna joto. Mpishi alipomuuliza alijibu kwamba kuna kunguni.

Mama Godoro hakumuuliza. Alingoja watoto waende shule, akapanda kitanda kile, akajikunja kama mtoto, akageuka.

"Chakarachakara," anasema, na sindano inasimama mkononi. "Nikageukia huku. Chakarachakara. Nikabaki nimelala pale naona aibu peke yangu. Nilikuwa nimemshonea mtoto kengele."

Kumbe taa zikishazimwa, yeyote aliyegeuka juu ya nailoni, bweni zima lilimjua. Msichana huyo alikuwa ameshapewa na jina: Karatasi. Aliyembandika jina hilo ni jirani yake wa kitanda, msichana mwembamba asiye na meno mawili ya mbele, ambaye naye wenzake wanamwita Pengo. Pengo hakatai. Anasema hakuwa na ubaya, ila jina zuri likishakuja mdomoni ni vigumu kulimeza.

Karatasi si msemaji. Anajibu huku anachezea kifungo cha sare yake.

"Nilikuwa sigeuki," anasema. "Nalala ubavu mmoja. Ukifa ganzi nashuka chini."

Mama mlezi alishauri nailoni itolewe yaishe. Fundi akakataa. Pamba ingeoza, na harufu ingetangaza kilekile kilichotangazwa na kelele. Akaamua kwamba kila godoro la bweni litashonewa nailoni, la mkavu na la mlowa.

"Kitanda kimoja kikilia ni habari," anasema. "Vyote vikilia, basi hii ni nyumba yenye watoto."

Shida ikawa nailoni yenyewe. Alitoa alichokuwa nacho, mama mlezi naye akakung'uta alichokuwa nacho, na muuza duka akakata kipande kilichotosha zaidi kidogo ya nusu ya vitanda. Wakati huo lori limeshapakiwa. Safari ilikuwa kesho yake.

Hapo ndipo alipokosa amani. Akiondoka na kuacha vitanda vingine bila nailoni, hivyo ndivyo vitakavyojulikana kuwa vya wakavu, na waliobaki watahesabiwa kwa masikio kama zamani. Angekuwa amebadilisha tu upande wa kengele. Karatasi angerudi kwenye mkeka, na safari hii angekuwa na wenzake.

Ndani ya kichwa cha lori, nyuma ya kiti cha dereva, kulikuwa na turubai jipya la nailoni, la buluu, halijakunjuliwa. Mumewe alilinunua safari hii hii. Ni kivuli ambacho Mama Godoro amekuwa akikiomba kwa miaka: walifunge juu ya miti minne kando ya barabara, ashone bila kuungua, na mvua ikija pamba iwe na pa kukimbilia.

Dereva huyo, mtu mrefu anayecheka kabla ya kumaliza maneno yake, anasimulia yaliyotokea jana jioni mkewe alipokuja kuketi naye kwenye lori.

"Nikamwona anaangalia turubai, haniangalii mimi. Nikamwambia, mke wangu, lile ni paa lako. Akasema, najua. Nikamwambia, umeniimbia hilo turubai mpaka watoto wa mtaani wanaujua wimbo. Akasema, najua." Anacheka. "Mwanamke akikuambia najua mara mbili, wewe tafuta mkasi."

Mkasi ulipatikana. Leo turubai limekatwa vipande, na kile cha mwisho ndicho kiko mapajani mwake. Pengo, ambaye shule yao imewaachia mapema leo, ameketi pembeni akimtungia uzi. Anaulowesha kwa mate, anafumba jicho moja, na mara nyingi haukosi tundu.

Mchana magodoro yanarudishwa bwenini. Wasichana wanayabeba wawili wawili vichwani, mpishi anapata mlango wake. Mama Godoro anawaamuru wote wapande vitandani na viatu wavue.

"Geukeni."

Wanageuka. Inasikika kama mvua inayoanza kwenye bati. Wanageuka tena bila kuamriwa.

Hapo fundi anakunja uso. Amegundua kwamba turubai linalia kwa sauti nzito kuliko nailoni ya dukani. Mtu mwenye sikio anaweza kutofautisha, na turubai liko kwenye vitanda vya wakavu tu. Anamtazama mama mlezi, naye ameshasikia.

Lakini Pengo ameshagundua hilo kabla yao, na amelipokea kwa namna yake. Anajirusha ubavu wa kulia, anajirusha wa kushoto.

"La kwangu linalia kuliko la kwako," anamwambia Karatasi.

Karatasi, juu ya kitanda chake, anajipindua mzima mzima, magoti, viwiko na vyote. "Sikiliza hili basi."

Kutoka upande wa dirishani mwingine anadai lake ndilo kubwa. Wengine wanabisha. Muda si mrefu bweni limegeuka soko, kila mmoja ananadi kitanda chake, na mama mlezi anasema sasa atakayekosa usingizi ni yeye. Hasemi kwa kulalamika. Mama Godoro ameegemea kizingiti, anajipangusa jasho, meno yote nje.

Anasema kazi haijaisha. Bweni la wavulana bado, na huko anajua atahitaji nailoni kwa kila kitanda tangu mwanzo. Anataka pia kuwafundisha wasichana wakubwa kufumua na kushona, ili godoro likipasuka lisingoje lori livuke mpaka. Pengo amejiandikisha mwenyewe, ingawa hakuna aliyeanza kuandikisha.

Na kivuli? Mumewe anaahidi turubai jingine. Mkewe anamjibu kwamba asiahidi mbele za watu, maana wavulana wanasikia.

Lori linapopiga honi ya kujaribu mlangoni, Karatasi anatoka bwenini na mkeka wake umekunjwa chini ya kwapa. Anamkabidhi Mama Godoro kwa mikono miwili.

"Chukua, mama. Mimi sina kazi nao tena. Utaukalia njiani."

Mama Godoro anaukunjua, anauinua juu kwa mikono yote miwili, anatazama jua linavyochungulia kati ya ukili. Kivuli chake kinamwangukia usoni na mabegani.

"Siukalii," anasema. "Naenda kuufunga juu ya miti yangu. Unatosha kichwa. Miguu imeshazoea jua."