Aliyebeba Staring

Filamu yenyewe ni ya polepole mno. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani naisifu. Kuna mzungu mmoja wa kitambo, nahodha, anazunguka baharini akitafuta nchi ambazo wenyeji wake tayari wanaishi humo. Anatazama maji. Anaandika kwa kalamu ya unyoya. Anatazama maji tena. Inakwenda karibu saa tatu, na humo ndani hakuna anayekimbizwa wala hakuna ngumi inayorushwa. Nimesoma mtandaoni kwamba huko kwao imesifiwa kwa utulivu wake. Sawa. Asiye na mtu wake wa kumtafuta ndani ya filamu anaweza kufurahia utulivu.

Sisi tulikuwa tunamtafuta wetu.

Mdogo wangu alikuwa mtu wa mjengo hapa Eldoret. Mabega yake yalikuwa mapana, na tangu utotoni ndiye aliyeitwa pakiwa na kitu cha kunyanyuliwa. Kazi zilipolala hapa mjini, alimfuata rafiki yake hadi pwani ambako hoteli ilikuwa inajengwa. Huko watu wa filamu wakamwona akipita na mfuko wa simiti begani kana kwamba amebeba koti lake. Wakamchukua.

Alipopiga simu nyumbani, mtaani Langas, Mama aliweka sauti juu ili sote tusikie.

"Mama, niko kwa movie!"

"Movie gani hiyo?"

"Ya wazungu wa kitambo. Mama, mimi ndio nilibeba staring!"

Sasa, kwa watu waliolelewa na vibanda vya video, neno hilo halihitaji kamusi. Staring ni yule mkubwa wa picha, yule ambaye kila mtu amekuja kumwona. Staring akipigwa risasi, inampata begani. Staring hafi. Na kubeba, kwetu, ni kushinda: timu hubeba kombe, mwanasiasa hubeba kiti. Basi mtu akisema amebeba staring, amesema nini? Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje wakiuliza nani anaolewa.

Jumapili yake alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Pasta akamwombea mwigizaji wetu, akamsihi Mungu amlinde na wanawake wa pwani. Kuanzia siku hiyo, mdogo wangu hakuwa tena na jina. Aliporudi na begi lake moja, watoto wa ploti tunayopanga walimpokea barabarani wakiimba, "Staring! Staring!" Naye akacheka, akawapungia mkono, akapita.

Mimi ndiye niliyeambiwa ukweli. Tulikuwa tumekaa mlangoni tukichambua maharagwe.

"Dada, mlinishika vibaya," akasema. "Mimi nilimbeba. Kumbeba kumbeba. Kwa mgongo."

"Ulimbeba nani?"

"Staring. Huyo mzungu. Boti inafika karibu na nchi kavu lakini yeye hataki viatu zilowe, so mimi naingia kwa maji, naye anapanda. Asubuhi yote tunarudia hiyo tu. Yeye anarudi kwa boti mkavu, mimi narudi nikitetemeka."

"Si ungemwambia Mama?"

"Nitamwambia aje na ameshatoa ushuhuda? Wacha, nitamwambia mwenyewe movie ikitoka." Kisha akaanza kucheka peke yake. "Lakini niliongea, Dada. Nilimwambia na Kiluhya, mzee wewe ni mzito kama gunia ya mahindi, nitakumwaga hapa. Mkubwa wao, yule wa kuelekeza movie, akafurahi sana, akasema nirudie hivyo hivyo."

Tulicheka hadi maharagwe yakamwagika. Nilimwona mtu ambaye hajaonewa na chochote.

Hakuwahi kumwambia Mama. Mwaka uliofuata alianguka kutoka kwenye ghorofa lililokuwa likijengwa mjini. Mbao za kukanyagia zilikuwa zimeoza. Wenzake wote walijua, na walikuwa wamesema. Mwenye jengo alituma blanketi na kreti za soda, na hakufika mazishini. Tulimpeleka kuzikwa kijijini kwetu, Bungoma. Udongo ulipokuwa ukirudishwa, kijana mmoja wa ploti yetu aliyekuwa akilia akasema kwa sauti, "Lakini si staring huwa hafi?" Hakuwa na ubaya. Mama alisikia, akamtazama kana kwamba na yeye alitaka kujibiwa.

Simu ya mdogo wangu ilivunjika pamoja naye. Yangu ilikuwa imeibwa stendi, pamoja na sauti zote alizowahi kunitumia. Tukabaki na picha za ukutani, nyingi tu, na zote zimefunga mdomo.

"Picha ninazo," Mama aliniambia. "Mimi nataka nimsikie akiongea. Hata neno moja." Akawa anaingoja hiyo filamu jinsi mtu anavyongoja mvua ya kupandia. Nami nikajua neno lipo, tena si moja, na kwamba litamchekesha. Habari ya nani alimbeba nani niliinyamazia. Mwenye kuisema alikuwa ameahidi kuisema mwenyewe.

Hatimaye filamu ikapatikana. Mimi ni karani wa shule. Niliomba projekta, tukatundika shuka jeupe la Mama kanisani, ukuta wa mbele, baada ya ibada. Watu walijaa. Mama aliketi mbele katika kitenge alichokuwa ameshona kwa ajili ya siku hiyo, wakati mwigizaji bado yu hai.

Basi tukaanza kutazama maji.

"Ako wapi?" Mama akauliza.

"Bado, Mama."

Nahodha akaandika. Nahodha akatazama nyota. Nahodha akaugua homa, akalala akitoka jasho, watu wakadhani sasa amekwisha; alipofungua macho, vijana wa nyuma wakapiga makofi, "Staring hafi!" Mama hakugeuka. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, lakini nasi tukasikia, "Kwani staring si ni huyu mzungu?"

"Ngojeni," Mama akasema.

Walingoja. Wengine walitoka mmoja mmoja, wakijifanya wamepigiwa simu. Waliobaki walibaki kwa heshima.

Ndipo boti ikafika karibu na ufuo. Mtu mweusi mwenye kichwa kilichonyolewa akaingia majini, akageuza mgongo, akainama. Nilimjua kwa shingo. Nahodha akampanda. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sikumbuki wakisema mgeni apande. Kamera ikakaa juu, kwenye uso wa nahodha, ambaye alikuwa akitazama nchi yetu kwa huruma nyingi. Chini yake ulionekana utosi wa mdogo wangu, sikio, na kipande cha shavu. Akaguna mara moja, akijiinua: "Hhm!" Nikamshika Mama mkono, nikasubiri gunia la mahindi.

Fidla ikaingia. Ikapanda, ikajaa kanisa zima, na chini yake niliona taya la mdogo wangu likicheza. Alikuwa anaongea. Aliongea njia yote hadi mchangani, na hatukusikia hata neno. Akamshusha yule mtu. Nahodha akatembea, picha ikamfuata, na mdogo wangu akabaki nje ya shuka.

Mtu fulani akaropoka, "Kumbe alimbeba kweli!" Kicheko kikatoka, kikasambaa, kisha kikaona aibu kikajifia. Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Niliwachukia wote, hata wale waliokuwa wakifuta machozi. Nilimchukia zaidi aliyeketi mahali fulani akaisikia sauti ya ndugu yangu, akaona fidla ni bora.

"Rudisha," Mama akasema.

Nikarudisha. Mgongo, kuinama, "Hhm!", fidla.

"Rudisha tena."

Mama aliujua mguno ule. Ndivyo mdogo wangu alivyoguna kila alipomnyanyulia mtungi wa maji pale jikoni. Nilimwona Mama akiusikiliza huku amefumba macho, akiyafumbua fidla inapoanza. Hakuuliza kwa nini hakuwa mkubwa wa picha. Hakuniuliza kama nilijua.

Pasta akaja taratibu, akainama karibu yangu. "Simamisha hapo, binti. Mama amwone vizuri, tuombe, tufunge."

Nikasimamisha. Nahodha alikuwa juu, mkubwa, amekunja uso kwa kufikiri. Chini yake, mdogo wangu ametazama maji, mshipa wa shingo umesimama, mdomo wazi nusu. Hapo ndipo alipoonekana vizuri kuliko mahali pengine popote katika zile saa tatu. Mama aliinuka, akaenda hadi kwenye shuka. Kivuli chake kikamfunika nahodha. Akaweka kiganja kwenye lile shavu, na picha ikamwangukia mgongoni mwa mkono.

"Angalau tumemwona, Mama," pasta akasema. "Abaki hapo hapo. Tuiname kwa maombi."

Watu wakainamisha vichwa.

"Hapana," Mama akasema. "Usisimamishe hapo."

"Mama, nikiendelea atatoka," nikamwambia. "Hatutamwona tena."

"Najua. Wacha kwanza amshushe."

Nikabonyeza. Mdogo wangu akapiga hatua zilizobaki, akainama, akamshusha. Nahodha akaondoka bila kugeuka, na picha ikamfuata yeye.