Ndururu Isiyo na Tundu

Harufu ya chuma kilichopata moto hunitia baridi mgongoni mpaka leo. Fundi akianza kutoboa kitu kwa jirani, mimi hutoka nikasimama huko kwenye magari mpaka amalize. Watu hudhani nakimbia kelele. Sijawahi kuwaambia sababu, ila ninyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi ughaibuni, katika mji wa Euless ulio jirani na uwanja wa ndege, ambako ndege zikipita vikombe vilitetemeka kabatini. Babu alikuja kututembelea kutoka Nyeri akiwa na kopo la ndururu, zile senti tano za kale zenye tundu katikati, amezitunga kwenye uzi. Moja aliifunga peke yake kwenye kitambaa. Hiyo haikuwa na tundu. Alisema ilitoka hivyo kiwandani, mashine iliiruka. Kaka yake mkubwa alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba aliiziba mwenyewe kwa risasi iliyoyeyushwa ili ajitafutie sifa, na tangu siku hiyo hawakusalimiana vizuri. Babu alitaka mjuzi wa sarafu aiangalie, ili arudi nyumbani na jibu.

Hayo yote alinieleza, lakini wakati ule Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea chakula tu. Nilichoshika ni kwamba ndururu ile ilikosa tundu, na kwamba Babu alisikitika. Siku moja akiwa kanisani nilichukua drili ya Baba, nikaibana sarafu kwa koleo, nikaitoboa. Nilitaka aikute kwenye uzi pamoja na zile nyingine. Tundu lilikwenda upande, nikajikata kidole, nikaogopa. Nikairudisha kwenye kitambaa.

Jumamosi Mama, ambaye ni nesi, alitupeleka kwenye duka la sarafu mjini Fort Worth akitoka shifti, naye akabaki garini amelala. Dukani nilikuwa mkalimani. Babu alifungua kitambaa, akalitazama lile tundu kwa muda mrefu, kisha akatazama plasta kidoleni mwangu.

Mwenye duka, mama mzee wa Kizungu, akaweka lenzi jichoni. Alisema zile kingo kali na shaba inayong'aa ndani ni alama za drili, tena za juzi juzi. Akaendelea kuigeuza. Akasema shaba iliyobaki kuzunguka tundu ni moja na sarafu yenyewe, haina alama yoyote ya kuzibwa, kwa hiyo kabla ya kutobolewa ilikuwa kosa la kweli la kiwandani. Akauliza nani ameiharibu.

"Anasemaje?" Babu akaniuliza.

"Anasema kuna mtu ameitoboa. Anauliza ni nani."

"Mwambie ni mimi."

Nikamwambia. Yule mama akatikisa kichwa, akamtazama Babu kama mtu asiye na akili. Lile lingine, la kosa la kweli la kiwandani, sikulitafsiri. Niliona nikilisema, nitalazimika kusema yote.

Babu akapanda ndege akarudi Nyeri. Mwaka uliofuata alifariki. Nilikuwa chuoni Mama aliponisimulia, huku akicheka kidogo, kwamba Babu alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake akamwomba msamaha. Alimwambia, "Wewe ndiye uliyesema kweli." Sarafu sasa ilikuwa na tundu, na jibu la mjuzi la kumtetea hakulipata.

Utotoni nilidhani kosa langu ni lile tundu. Tundu Babu alinisamehe palepale, mbele ya yule mama. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba alichokifuata kuvuka bahari kilikuwa sentensi moja tu, na mimi nilikuwa nayo mdomoni. Siku hizi, nikiwa peke yangu garini, huisema kwa sauti, kwa Kiswahili ambacho sikuwa nacho wakati ule: Babu, ilikuwa ya kweli.